Uzamili wa hisabati ya fedha: soma orodha ya masomo kuanzia mwisho

Wengi wanaoomba programu hii huvutwa na neno fedha. Chuoni wanakutana na neno hisabati, na hapo ndipo baadhi hushtuka. Ukiwa na shahada ya biashara, uhasibu au uchumi unaweza kupokelewa, ila jiandae kuulizwa mambo ambayo hukuyasoma.

Kwa hiyo, kabla hata ya kulipa ada ya maombi, fungua orodha ya masomo uisome kinyumenyume. Chukua somo gumu la muhula wa mwisho, tuseme modeli za viwango vya riba, kisha tazama linadai uwe umepita lipi kwanza. Utakuta kalkulasi stokastiki, yaani kalkulasi ya vitu vinavyobadilika kwa bahati nasibu. Nayo inadai nadharia ya uwezekano ya ngazi ya juu, ambayo inadai uchambuzi wa hisabati na kalkulasi ya vigeu vingi. Endelea kushuka hadi ufike kwenye somo ulilolifaulu kweli. Pengo lolote lililopo kati ya hapo na juu ni lako kuliziba, na ukikosa somo moja la muhula wa kwanza, msururu mzima unaweza kusogea mwaka mzima, kwa sababu mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Kalkulasi stokastiki ndiyo kizingiti chenyewe. Katika kalkulasi uliyozoea, badiliko dogo sana ukilizidisha kwa lenyewe unalitupa, halina uzito. Bei inayofuata mwendo wa Brown, yaani kuyumba kwa nasibu kila wakati, haikubali: mraba wa badiliko lake dogo unabaki, na ukubwa wake unalingana na muda uliopita. Kwa ajili hiyo kanuni ya Itô ina kipande cha ziada chenye nusu na derivativu ya pili. Mjapani Kiyosi Itô aliweka msingi wa hesabu hizi mwaka 1944. Fischer Black na Myron Scholes wakazitumia kukadiria bei ya opsheni (mkataba unaokupa haki ya kununua au kuuza mali kwa bei iliyopangwa) mwaka 1973. Ukikielewa kipande hicho kimoja, nusu ya muhula imekuwa nyepesi. Ukikikariri tu, utakutana nacho tena kwenye mtihani kikiwa kimevaa nguo nyingine.

Masomo mengine ya lazima huwa ni takwimu na mifuatano ya wakati, mbinu za nambari (Monte Carlo, yaani kukadiria kwa kuigiza matukio mengi ya nasibu, na milinganyo tofautishi ya sehemu), usimamizi wa hatari, na programu za kompyuta, kwa kawaida Python au C++. Aljebra ya mstari haitajwi sana, lakini imo kila mahali. Ya hiari chagua kwa kazi unayoitaka. Jina zuri lisikupumbaze.

Krediti zisikuchanganye. Ulaya hutumia krediti za ECTS, na mwaka mmoja wa masomo ni ECTS 60, hivyo uzamili wa miaka miwili ni 120. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida una krediti 180 za huko, ambazo ni sawa na ECTS 90. Marekani hutumia hesabu nyingine kabisa, na programu nyingi huanzia krediti 30 hivi.

Mwenye viza ana hesabu ya ziada. Usiache somo katikati ya muhula kabla hujauliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, maana ukishuka chini ya kiwango cha mwanafunzi wa muda wote, viza yako inaingia hatarini. Kwa Marekani, tazama namba ya fani iliyoandikwa kwenye fomu ya I-20, hati ambayo chuo hukupa kwa ajili ya viza: fani iliyo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) inakuruhusu kuomba miezi 24 ya kazi baada ya kuhitimu, juu ya ile 12 ya kawaida. Programu mbili zinaweza kufundisha mambo yaleyale, moja ikasajiliwa kama hisabati ya fedha na nyingine kama fedha tu, na ya pili ikakukosesha miezi hiyo.

Mwisho, transkripti yako, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako. Jina kama "Hisabati II" halimwambii kitu mtu wa udahili. Omba idara uliyosoma ikupe maelezo ya kila somo, yenye mada na saa, uyaambatanishe na maombi. Yaombe mapema, idara hazina haraka na wahitimu wa zamani.