Kanvasi ya kuchora: kushika kidole na mausi bila mstari kukutoroka

Wengi wakianza programu ndogo ya kuchora kwenye brauza wanadhani ngumu ni kuchora mstari, kumbe mstari ni amri nne tu, shughuli yote iko kwenye kujua mtu kabonyeza wapi, kapita wapi na kaachia saa ngapi.

Weka canvas (eneo la kuchorea) kwenye ukurasa kisha isikilizishe vitu vitatu, pointerdown (kubonyeza), pointermove (kusogeza) na pointerup (kuachia). Usihangaike na mousedown huku na touchstart kule, hizi za pointer zinapokea mausi, kidole na kalamu kwa pamoja. Halafu weka kumbukumbu tatu: inachora (ianze false), x na y. Akibonyeza, inachora iwe true na x na y zibebe e.offsetX na e.offsetY (e ni taarifa ya tukio inayoletwa na brauza, hizo mbili ni mahali alipo ndani ya canvas). Akiachia, inachora irudi false. Akisogeza, kama inachora ni false toka humo, kama ni true fanya hivi (ctx ni kalamu ya canvas, unaipata kwa canvas.getContext('2d')):

ctx.beginPath();
ctx.moveTo(x, y);
ctx.lineTo(e.offsetX, e.offsetY);
ctx.stroke();
x = e.offsetX;
y = e.offsetY;

Hiyo mistari miwili ya mwisho usiisahau aisee, bila hiyo kila kitu kinaanzia pale alipobonyeza mwanzo na unapata miale ya jua badala ya herufi. Na usichore nukta nukta, brauza haikuletei taarifa kwa kila pikseli, mkono ukikimbia nukta zinaachana.

Sasa lililoninyima usingizi mimi: mtu anaburuta mpaka nje ya canvas, anaachia huko huko, pointerup haikufikii, akirudi kalamu inachora yenyewe wakati hajabonyeza kitu. Dawa yake mstari mmoja ndani ya pointerdown, canvas.setPointerCapture(e.pointerId), kuanzia hapo taarifa zote za kidole hicho zinakuja kwako hadi aachie, hata akiwa nje.

Kwenye simu ongeza touch-action: none kwenye CSS (maelezo ya mwonekano) ya canvas, la sivyo ukurasa unaskroli, brauza inatuma pointercancel (taarifa kwamba mguso umekatishwa) na mstari unakatika njiani. Hiyo pointercancel nayo ipe kazi ile ile ya pointerup, yaani kurudisha inachora kuwa false.

Mstari ukitokea mbali na kidole angalia saizi: canvas usipoipangia ni pikseli 300 kwa 150, ukiivuta kwa CSS peke yake vipimo vinapishana. Panga width na height za canvas yenyewe, tena mapema, maana ukizigusa baadae picha yote inafutika.