Makro ya Excel isipoiona printa ya mtandao

Wenzangu mnaochapa stakabadhi kwa makro (programu ndogo iliyoandikwa ndani ya Excel), hili lilitusumbua msimu mzima wa kahawa hapa Mbozi. Makro ilichapa vizuri kwangu, ikagoma kwa mhasibu, na printa ni ileile moja, ya stoo. Wakulima foleni nje, wanangoja karatasi zao.

Chanzo: Excel haitosheki na jina la printa. Inataka na mlango (port) wake, kwa mfano \\OFISI\Stoo on Ne03: pamoja na hiyo nukta pacha. Namba ya Ne hupangwa na Windows yenyewe, na kila kompyuta ina yake. Hata ya kwako inaweza kubadilika, kwa hiyo usiiandike ndani ya makro.

Iache makro iitafute. Weka On Error Resume Next ili kosa lisiisimamishe, zungusha i kutoka 0 hadi 99, kila mara Err.Clear kufuta kosa lililopita, kisha hii, ambapo jina ni la printa, kama \\OFISI\Stoo:

Application.ActivePrinter = jina & " on Ne" & Format(i, "00") & ":"

Err.Number ikiwa 0, imepatikana. Toka kwenye mzunguko, uweke On Error GoTo 0.

Kabla ya yote hifadhi ActivePrinter ya awali (printa iliyokuwa imechaguliwa), na ukimaliza kuchapa irudishe. Tafadhali msiruke hapo: karatasi za mishahara ya watu zisije zikatokea kwenye printa ya stoo.