Tope kwenye ua wa kuku: anza na maji, mchanga baadaye

Masika yakiingia Pemba, ua wa kuku ndio wa mwanzo kuharibika. Kuku wamekwisha kula kila jani, wameikanyaga ardhi mpaka imeshindiliwa, na mvua ikishuka maji hayana pa kupenyea. Jirani zangu hapa Wete huniuliza wamwage mchanga kiasi gani. Nami huwajibu kwa swali: hayo maji yanatoka wapi?

Mvua ikinyesha, vaa viatu vya mpira utoke ukatazame. Mara nyingi utaona lawama ni ya paa. Banda lenye paa la mita 3 kwa 4, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 600, yaani mapipa 3 makubwa, na yote hayo yanaanguka mstari mmoja, palepale mlangoni ambapo kuku wanapita kutwa. Tia mfereji wa bati ukingoni mwa paa, maji yaingie pipani au yatoke nje ya ua. Kama paa ni la makuti na mfereji haukai vizuri, refusha makuti upande wa chini yatokeze nje ya uzio.

Pili ni maji ya mlimani. Sisi wa Wete tunaishi kwenye miteremko, kwa hiyo maji ya mwenye nyumba wa juu yanapita kwako. Chimba mtaro upande wa juu wa ua, kina cha shibiri moja na zaidi kidogo, uzungushe maji yaende kwenye migomba. Tafadhali, usiyaelekeze kwa jirani wala karibu na kisima. Maji yaliyopita kwenye mavi ya kuku hayafai kufika kwenye ndoo ya mtu.

Hapo sasa ndipo unapoingia na pauro. Tope jeusi linalonuka litoe lote mpaka ufikie udongo mgumu. Ukilifunika, litapanda juu tena baada ya siku chache, na mali yako yote iliyomwagwa juu yake itazama. Ukiweza, kazi hii ifanye wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na ardhi kavu.

Tabaka la chini, mimi sina ninachokipenda kuliko makumbi ya nazi. Popote panapofuliwa nazi yamelundikana, na mara nyingi mwenyewe hufurahi ukimwondoshea. Chagua makavu, yapange mgongo juu, yabanane, kisha yakanyage. Maji yatapita chini yake, kuku watatembea juu. Makumbi hayaozi haraka. Mlangoni weka kokoto au mawe bapa kwanza, kwa sababu pale miguu haipumziki.

Juu yake tandika vipande vya matawi yaliyokatwakatwa, maranda ya seremala, au kumvi za mpunga, unene wa vidole vinne hivi. Vumbi laini la msumeno liache: likirowa linagandamana na kuota ukungu. Majani mabichi nayo vilevile. Mchanga wa ufukweni usichukue kabisa. Una chumvi, na chumvi ikizidi humdhuru kuku. Tena fukwe zetu zinaliwa na bahari, tusizimalize kwa mikono yetu. Kuhusu chokaa ya tanuu, najua wengi wanainyunyiza. Ikiwa mbichi inaunguza nyayo na macho ya kuku, kwa hiyo mimi siitii mahali walipo.

Chombo cha maji ya kunywa kiinue juu ya matofali na chini yake utie kokoto. Hapo ndipo tope hubaki hata mvua ikikatika.

Nalisisitiza jambo hili kwa ajili ya vifaranga. Vimelea vya koksidia hutoka na kinyesi, na kwenye joto na unyevu hukomaa kwa siku 1 au 2 tu, tayari kumwambukiza kifaranga anayedonoa chini. Ukiona kinyesi chenye damu, kifaranga amejikunyata na mbawa zimelegea, usingoje kesho, muone daktari wa mifugo. Wakubwa nao wakisimama topeni muda mrefu nyayo hupasuka na kufanya majipu. Wenye vifaranga wawaweke chini ya paa mpaka masika yapungue.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila baada ya siku chache pindua matandiko kwa reki, halafu fumbata konzi moja: yakitiririka maji, toa yaliyorowa uongeze makavu. Ukiinama ukasikia harufu inayochoma macho, umechelewa kidogo, geuza siku hiyohiyo.

Masika yakiisha kwangua tabaka la juu ulilundike pembeni, ulifunike kwa makuti, uliache miezi kadhaa kabla ya kulitia kwenye mchicha, maana mavi mabichi yanaunguza mizizi. Makumbi yaliyobaki mazima yaache palepale, yanangojea vuli.