Sanduku la zana la fundi wa kupanda boda

Kabla hujaenda Ndeeba, mtaa wa mbao wa Kampala, kununua mbao, laza msumeno wako sakafuni uupime, mpini na yote. Msumeno wa inchi 26 hufika karibu inchi 30, na sanduku la kuumeza ni balaa juu ya boda: kila kioo cha gari kwenye foleni ya Kampala litakigonga. Mimi niliamua wa 26 ulale karakana, wa 22 ndio utembee kwa wateja. Basi sanduku langu ni inchi 27 kwa ndani. Upana inchi 8 tu. Likizidi hapo linakupiga goti ukitembea.

Mvule ni mti wa heshima, lakini uachie milango. Sanduku langu la kwanza lilikuwa la mvule, unene inchi nzima. Likiwa tupu tayari linavuta bega. Siku hizi nachukua paini kavu, naipiga randa mpaka robo tatu ya inchi.

Kazi yenyewe iko kwenye vichwa, zile mbao mbili za miisho zinazoshika mpini wa kubebea sanduku. Nyuzi zake zisimame wima. Mara moja nilizilaza, kwa kuwa kipande kilichobaki kilitosha kikikatwa hivyo. Nikiwa ngazini kwa mteja, kichwa kikapasuka usawa wa tundu la mpini. Patasi zilifika chini kabla yangu. Nyuzi zikiwa wima, misumari ya ubavuni pia inashika vizuri, maana haiingii kwenye ncha za nyuzi. Juu ya tundu acha inchi 2 za mbao, la sivyo mpini utachomoka nazo. Gundi kati ya ubavu na kichwa sipaki: ubavu hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa jua likikaza, msumari huvumilia, gundi hukatika.

Mpini nilikata kwenye jembe la zamani la mama. Msasa haukuhitajika, viganja vyake vilishaimaliza hiyo kazi. Uweke juu kiasi ngumi ipite bila kukwaruza randa.

Chini pigilia vipande viwili vya mbao, sanduku lisikae kwenye simenti yenye maji. Meno ya msumeno nayavisha mpira wa maji niliopasua kwa kisu.

Mfuniko sina. Mawingu yakijikusanya, natandaza turubai juu na kumwambia mtu wa boda aongeze mwendo.