Kuunganisha mawe ya tangi la maji chumvi: mafiga kwanza, gundi baadaye

Saa nane usiku nilisikia "ngo!" sebuleni. Nikadhani ni paka wa jirani. Kumbe jiwe la juu la tangi langu la samaki lilikuwa limeporomoka, baada ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama ya nungunungu kujipenyeza chini yake. Kioo hakikupasuka, ila mkwaruzo wa urefu wa kidole upo mpaka leo, na kila mgeni lazima aulize.

Jiwe lile nilikuwa nimelipaka gundi tele. Kosa lilikuwa hapo hapo: niliiachia gundi ibebe mzigo. Gundi kazi yake ni kuzuia jiwe lisiteleze. Kubeba ni kazi ya jiwe la chini.

Mawe. Tafuta mawe makavu yanayouzwa kwa ajili ya matangi. Usiende Malindi au Watamu na gunia. Kule ni hifadhi za baharini tangu 1968, na biashara ya matumbawe kuvuka mipaka inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mawe uliyonunua yasugue kwa brashi, uyaloweke siku kadhaa, uyaanike.

Na tafadhali, jiwe lililowahi kukaa baharini au kwenye tangi la mtu usilichemshe jikoni eti unaua wadudu. Baadhi ya matumbawe laini, hasa yale yanayoitwa palithoa, yana sumu kali ya palitoksini. Moto hauiondoi kwa urahisi, na ukiivuta pamoja na mvuke inaingia mapafuni. Watu wamewahi kulazwa hospitalini kwa sababu hiyo.

Kupanga. Kata katoni lenye ukubwa wa sakafu ya tangi, uliweke mezani. Panga mawe hapo bila gundi yoyote. Kila jiwe likalie sehemu tatu, kama sufuria juu ya mafiga. Kisha lisukume kwa kidole kimoja. Likicheza, ligeuze upande mwingine. Mimi hatua hii hunila jioni mbili nzima, na chai inapoa. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya mawe na kioo cha nyuma, maji yapite na mkono wako upite siku ya kusafisha. Ukiridhika, piga picha kila upande kabla ya kubomoa, maana kesho hutakumbuka lipi lilikaa wapi.

Pini. Ukitaka tao au jiwe linaloning'inia, gundi pekee haitoshi. Toboa mawe yote mawili kwa biti ya ukuta, uchomeke kijiti cha akriliki au faibaglasi. Msumari hapana, utashika kutu. Waya wa shaba ndio kabisa, kwa kuwa shaba huua kamba na konokono. Vaa miwani na barakoa, vumbi lile si la kuvuta.

Gundi. Nunua supaglu ya jeli, ile nzito, ambayo pakiti yake inasema ni sianoakrileti. Ile nyepesi ikitumika peke yake inanywewa tu na vitundu vya jiwe. Paka jeli, bana mawe kwa dakika moja, kisha jaza ufa kwa mchanga mkavu wa matumbawe na hapo ndipo udondoshe ile nyepesi. Inaganda papo hapo na kutoa joto na moshi unaowasha macho, kwa hiyo fungua madirisha na usiinamie. Usivae glavu za pamba: pamba na supaglu vikikutana huchemka hadi kuunguza ngozi.

Kwenye kiungo kikubwa ongeza epoksi ya kufinyanga, ile ya sehemu mbili iliyotengenezewa matangi. Ikande kama unga wa chapati mpaka rangi iwe moja, ukiwa na glavu za mpira. Weka jeli, epoksi, jeli tena. Iache mpaka kesho yake. Baridi ya Nairobi ya Julai huichelewesha, ipe siku mbili.

Mawe ya chini yakae kwenye sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki wachimbaji watayafukua.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu, kwa mitaa yao ya Nairobi

*Buruburu:* Mwalimu, simiti je? Nimebakisha nusu gunia.

Inashika vizuri, lakini inapandisha vibaya pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Loweka kazi yako kwa wiki kadhaa ukibadilisha maji, na usiiingize tangini mpaka maji yaliyokaa nayo siku nzima yasizidi pH 8.4. Kama huna subira, mpe fundi hilo gunia.

*Lang'ata:* Tangi langu lina samaki tayari. Nagundisha ndani kwa ndani?

Kipande kidogo cha tumbawe, sawa dada. Zima pampu, weka jeli, sukuma huku ukizungusha kidogo ili utando wa juu upasuke. Epoksi iwe kidogo sana, la sivyo mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini kwa mapovu, itafurika. Mawe makubwa yatoe nje kwanza, uyafunike kwa taulo lililolowa maji ya tangi.

*Kasarani:* Silikoni ya madirisha imebaki nyumbani.

Iache huko. Nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu, ambayo ni sumu kwa viumbe wa tangi. Hata ile salama ya kuunga vioo haishiki sawasawa kwenye jiwe lenye vitundu.

*Kasarani tena:* Sawa, nimetumia supaglu. Vidole viwili vimeshikana, naandika kwa mkono wa kushoto.

Pole kaka. Usivute. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ubingirishe taratibu. Vikikataa, omba nyumbani dawa ya kufutia rangi ya kucha, yenye asetoni. Na huo mkono usiupeleke machoni.