Kupima safu za CD kwa leza (naeleza mara ya mwisho)

Safu za CD, ile mistari myembamba iliyochongwa kwenye CD, zimeachana kiasi gani? Nimejibu hili hadi vidole vimechoka. Atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

1. Leza nyekundu, nanomita 650 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Soma kibandiko.
2. CD isiyo na mikwaruzo.
3. Bana leza ukutani ikitazama nje, CD isimame mita moja mbele yake. Mwanga ugonge upande wa kushoto au kulia wa uso wa CD, si juu, la sivyo madoa ya mwanga unaorudi ukutani yatapanda darini. Stima ikipotea ndio wakati mzuri.
4. Geuza CD hadi doa la katikati lirudi kwenye leza. Usiweke macho usawa wake, hicho ni kioo.
5. Pima. Hapa ndipo nilipoaibika mbele ya Kidato cha Tatu, hapa Kisumu. Doa la katikati hadi la pembeni: sentimita 44. Nikachukua 650 × 100 ÷ 44, nikapata 1,477, na safu za CD huachana nanomita 1,600. Nikalaumu leza, nikalaumu CD yenyewe, ya kwaya ya mama. Kumbe hiyo 100 ni umbali hadi ukutani. Unaotakiwa ni mshazari, kutoka CD hadi doa la pembeni. Vuta tepu hewani: 109. Sasa 650 × 109 ÷ 44 = 1,610. USITUMIE 100.

Maswali

Wa Ahero: Yangu imetoa 1,955. CD ni feki?
— Leza rangi gani?
Wa Ahero: Kijani.
— Hatua ya 1. Kijani weka 532.

Nakuru_Mji: DVD haitoi doa la pembeni.
— Linatoka, ila mbali. Safu zake ni 740. Isogeze iwe sentimita 50 kutoka ukutani, tafuta doa kwenye 92 hivi.

Binti Kakamega: Mwalimu, na safu zikibanana kuliko urefu wa wimbi lenyewe?
— Swali tamu hilo, dada. Madoa ya pembeni yanakufa. Ukipata diski ya Blu-ray jaribu: safu 320, doa ni moja tu. Kule Garching, Ujerumani, mwaka 2020 wanasayansi walipanga atomu za rubidiamu kama 200 katika tabaka moja, zikiachana nanomita 532, wakazimulika kwa mwanga wa 780, yaani zimebanana kuliko wimbi. Atomu ikiwa peke yake hutawanya mwanga kila upande. Zikipangwa hivyo huitika pamoja: pembeni mawimbi yanafutana, mbele yanafuta mwanga ulioingia, sehemu kubwa inarudi nyuma. Kioo chenye unene wa atomu moja! Wakivuruga mpangilio, kinafifia.

Wa Ahero: Sasa nimepata 1,600 kamili.
— Umepima au umenakili?