Kutandika sakafu ya mawe asilia na kuipangia bei

Mteja akisema anataka sakafu ya mawe, mafundi wengi hapa Kigoma huuliza swali moja tu: skwea mita ngapi? Bei inatajwa hapohapo, kama vile ni tailizi za dukani, na hasara inaanzia hapo. Tailizi zina unene mmoja na kona zilizonyooka. Jiwe la asili kila moja lina unene wake na ukingo wake, na hivyo viwili ndivyo vinavyokula saruji, siku na mgongo wa saidia fundi. Ndiyo maana nasisitiza: usitaje bei kabla hujayaona mawe na kuyapima kwa rula.

Hatua ya 1: Lijue jiwe

Milima inayozunguka mji wetu ina mwamba mgumu wa kwatzaiti na mawe ya mchanga, na mawe bapa ya kienyeji ndiyo yenye unafuu wa usafiri. Marumaru halisi na graniti hutoka mbali, Dodoma au Morogoro, kwa lori au kwa Reli ya Kati, na kila kilo inalipiwa njiani.

Fanya majaribio matatu hapohapo kwa muuzaji. Ligonge jiwe kwa nyundo ndogo. Likilia kwa sauti kali, ni zima. Likitoa mlio mfu, lina ufa ndani au tabaka zake zimeachana. Kisha dondosha tone la maji na usubiri dakika chache. Likinywewa upesi, jiwe hilo litakunywa na mafuta, na kwenye jiko la Kigoma mafuta yenyewe ni mawese. Doa la mawese kwenye jiwe la mchanga lisilopakwa dawa ya kuziba halitoki kwa sabuni. Mwisho kamulia ndimu. Likitoa povu, ni marumaru au jiwe la chokaa, na mteja aambiwe mapema kwamba sakafu yake haitaki ndimu, siki wala dawa kali ya kusafishia choo.

Hatua ya 2: Pima chumba, na usisahau milango

Tuchukue sebule ya mita 4.8 kwa 3.6. Ni mita za mraba 17.28. Vuta utepe kona hadi kona, pande zote mbili. Chumba kikiwa skwea, yaani kona zake zimenyooka, kila mshazari utasoma mita 6 kamili. Vipimo vikitofautiana, kuta zimepinda, na utakata mawe mengi zaidi ukutani.

Ongeza ya kukatika na kuvunjika: asilimia 10 kwa mawe yaliyokatwa kwa mashine, asilimia 20 kwa mawe bapa yasiyo na umbo. Kwa sebule yetu ni mita 19 au 21.

Sasa kimo. Tandiko (saruji na mchanga vya chini ya jiwe) la sentimita 4 na jiwe la sentimita 3 vinapandisha sakafu sentimita 7, na milango haitafunguka. Lisemwe siku ya kwanza: "Mama, milango hii itakatwa chini, na kazi ya seremala haimo kwenye bei yangu." Akijibu, "Sawa fundi, nitamwita mwenyewe," liandike. Neno hilo dogo limegombanisha mafundi na wenye nyumba wengi.

Hatua ya 3: Nunua kwa kupiga hesabu ya unene

Mawe ya kienyeji mara nyingi huuzwa kwa tripu au kwa tani, lakini sakafu hupimwa kwa mita za mraba. Kinachounganisha hivyo viwili ni unene. Jiwe la sentimita 3 lina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo tani moja inatandika karibu mita 12. Likiwa la sentimita 5, mita moja inafika kilo 130, na tani ileile inatandika mita 7 na nusu tu. Kwa mita zetu 21, utanunua tani 1.7 au tani 2.8. Muuzaji wa mawe manene anaweza kukutajia bei ndogo ya tani na bado akakuuzia sakafu ghali.

Hatua ya 4: Chambua, kisha panga makavu

Gawa mawe mafungu matatu: membamba, ya wastani, manene. Jiwe nene kuliko yote ndilo linaloamua kimo cha sakafu nzima, kwa hiyo likizidi mno, lipeleke nje kwenye njia ya kuingilia. Kisha yapange sakafuni bila saruji. Kona nne zisikutane mahali pamoja, na mstari mmoja usikimbie toka ukuta hadi ukuta. Vipande vidogo vifiche pembeni chini ya makochi, na mawe mazuri yakae mlangoni na katikati. Ukiridhika, yaandike namba kwa chaki. Kazi hii inaweza kukumalizia siku nzima na mteja akaona hujafanya kitu. Siku hiyo iwemo kwenye bei yako.

Hatua ya 5: Jamvi na mchanganyiko

Jamvi la zege, yaani sakafu ya chini, liwe na siku 28 tangu kumwagwa. Kama limepigwa niru (uji wa saruji) likateleza, litoboe meno kwa patasi ili saruji ishike. Lisafishe na ulilowanishe, ila maji yasituame.

Mchanga laini wa ufukweni peke yake haufai kwa tandiko. Tafuta mchanga wa mto wenye chembe kali, uuchunge. Ujaribu kwa chupa: tia mchanga na maji, tikisa, uache utulie. Ukiona utando mnene wa tope juu, uoshe au uukatae.

Changanya saruji moja kwa mchanga minne, na maji kidogo. Ukiufinyanga mkononi, ushikamane bila kuchuruzika. Kwa sebule yetu, mita 17.28 kwa unene wa sentimita 4 ni mita za ujazo 0.69. Mchanganyiko mkavu hushuka ukilowa, kwa hiyo zidisha kwa 1.3 upate 0.9. Sehemu moja kati ya tano ni saruji, yaani 0.18, na mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi: mifuko 5. Nunua 7, kwa sababu kuna niru na kuna kujaza mistari ya kati ya mawe. Mchanga, mita moja ya ujazo inatosha.

Hatua ya 6: Kutandika

Anza mbali na mlango ili usijifungie ndani. Funga nyuzi mbili za kimo, tandaza mchanganyiko wa kutosha jiwe moja au mawili tu, lowanisha mgongo wa jiwe, upake niru nzito, kisha lilaze na uligonge kwa nyundo ya mpira mpaka liguse uzi. Sasa linyanyue. Ndiyo, jiwe la kwanza linyanyue uangalie mgongo wake. Saruji ikiwa imeshika kote, lirudishe na uendelee. Ukiona sehemu kavu, tandiko lako lina mashimo, na hapo ndipo jiwe litakapopasuka siku kabati litakaposimamishwa juu yake. Kuna fundi anayeweka mabonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, akidai anaokoa mifuko. Mkataze kabisa.

Acha nafasi ya sentimita 1 kuzunguka kuta zote, usiijaze saruji, sketi (ukanda wa chini ya ukuta) itaificha. Kati ya mawe yaliyokatwa kwa mashine milimita 3 zinatosha, mawe bapa yanataka milimita 10. Barazani weka mteremko wa sentimita 1.5 kwa kila mita kuelekea nje, kwa sababu mvua zetu za Novemba hadi Aprili hupiga mpaka mlangoni.

Kukata ni kwa grainda na diski ya almasi, pamoja na maji. Vumbi la kwatzaiti, graniti na jiwe la mchanga lina silika, inaharibu mapafu na hayaponi. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, na saidia wako umpe pia. Grainda ya umeme na maji vinaua, kwa hiyo tumia mashine iliyotengenezwa kwa kukatia na maji.

Hatua ya 7: Mistari

Mtu asikanyage kwa siku mbili. Jaza mistari kwa saruji na mchanga laini, futa kwa sponji kabla haijakauka juu ya jiwe. Dawa ya kuziba vinyweleo ingoje sakafu ikauke kabisa, wiki kadhaa, la sivyo unyevu utapanda na kuacha chumvi nyeupe.

Hatua ya 8: Bei

Viwango hivi ni vya mfano, weka vya mtaani kwako. Tuseme fundi 40,000 kwa siku na saidia 20,000. Mawe bapa, fundi na saidia mmoja hutandika mita 5 hivi kwa siku. Kupanga siku 1, kutandika 4, mistari na usafi 1: siku 6, sawa na 360,000. Diski na vifaa vinavyochakaa 40,000. Jumla 400,000. Faida ya asilimia 20 inaifikisha 480,000. Gawa kwa 17.28, unapata karibu 27,800 kwa mita, bila mawe, saruji, mchanga wala usafiri. Mawe yangekuwa ya mashine, siku zingepungua na bei ingeshuka.

Vifaa vyote anunue mteja mwenyewe kwa orodha yako, na risiti abaki nazo. Ufundi ulipwe mara tatu: kianzio siku ya kupanga, sehemu ya pili nusu ya chumba ikishatandikwa, salio mistari ikikauka na mkikagua pamoja kwa kugonga kila jiwe. Mawe yaliyobaki yaache kwake, yapangwe kwa kusimama nyuma ya nyumba, maana likipasuka moja baadaye, la rangi ileile linaweza lisipatikane tena.